Nusu ya kidonge: historia fupi ya dawa na mfuko wa mwananchi

Najua nimekuwa kimya hapa kwa zaidi ya mwezi, na najua niliahidi makala ya pili kuhusu hifadhidata. Makala hiyo ipo, nusu yake nimeshaiandika, lakini kuna jambo limeniingia kichwani likakataa kutoka, nikaona heri nilitue hapa kwanza. Leo tutazungumza kuhusu dawa za hospitali, na jinsi Wakenya wasio na bima wamekuwa wakizipata, au kuzikosa, kwa miaka hamsini hivi iliyopita. Kompyuta zitaingia, msiwe na wasiwasi, ila zitapitia mlango wa nyuma.

Kwetu ni Mutuini, Dagoretti Kusini, upande wa magharibi wa Nairobi ambako jiji linaanza kuchoka, na kati ya nyumba za kupangisha bado utaona ng'ombe wa maziwa na vijishamba vya sukuma wiki. Asubuhi naingia matatu kwenda mjini kuandika programu, jioni narudi kwa Cucu. Cucu ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu. Cucu wangu ana presha na ana ugonjwa wa sukari, na dawa zake ni za maisha.

Jioni moja nilimkuta ameketi mezani na kisu cha mkate, anakata vidonge vya presha katikati, taratibu, kimoja kimoja, na kuvirudisha kwenye chupa. Nikamwuliza, "Cucu, daktari si alisema kimoja kila siku?"

Akanijibu bila kuinua macho: "Daktari alisema kimoja. Mfuko ulisema nusu."

Ndugu msomaji, nilifanya lile ambalo mtu wa kompyuta hufanya akiumia. Nilifungua tarakilishi nikaanza kuandika programu. Jumamosi mbili nilizunguka kwenye maduka ya dawa kuanzia Mutuini hadi Dagoretti soko, Waithaka na Kawangware, nikiuliza bei ya dawa zilezile kwa nguvu ileile na kuziandika kwenye simu. Wiki ya tatu nilikuwa na programu safi kabisa: unaandika jina la dawa, inakuonyesha kemisti yenye bei ya chini. Tofauti zilinishangaza, kuna dawa niliyoikuta kwenye duka moja kwa bei mara tatu ya duka jingine, na maduka hayo yanatazamana.

Nikamwonyesha Cucu. Akaitazama sana, akaniuliza swali moja tu: "Na huyo wa bei ya chini, anayo leo?"

Nikaenda kuuliza. Hakuwa nayo. Ilikuwa imeisha tangu Jumanne.

Niliporudi nilimkuta amenitolea kiondo cha zamani kutoka chini ya kitanda, kimejaa daftari. Wale wa rika langu mnazijua hizi, ni zile daftari za shule zenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, ambazo mgonjwa hununua na kwenda nazo hospitalini ili daktari aandike humo. Cucu alikuwa ametunza zake zote, za kwake na za watoto wake, na risiti zimebanwa ndani kwa pini. "Soma hizi kwanza," akasema, "halafu ndiyo uniandikie programu."

Nimezisoma. Kisha nimesoma vitabu na makala za watafiti ili nielewe nilichokuwa nakiona. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Kwanza ilikuwa orodha

Kama vitu vingi tunavyovitumia sisi watu wa data, habari hii inaanza na orodha. Miaka ya 1970 nchi nyingi changa zilikuwa zinatumia fedha nyingi za afya kununua maelfu ya aina za dawa, nyingi zikiwa ni dawa ileile yenye majina tofauti ya biashara, huku zahanati za mashambani zikikosa hata penisilini. Mwaka 1975 Halfdan Mahler, Mdenmaki aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alipeleka wazo hilo mbele ya mkutano mkuu wa shirika lake: kila nchi ichague dawa chache zinazohitajika zaidi, ihakikishe hizo hazikosekani, na izinunue kwa jina la kitaalamu na si kwa jina la kampuni. Mwaka 1977 orodha ya kwanza ikatoka, ikiwa na dawa zipatazo 200. Kampuni kubwa za dawa hazikuipenda hata kidogo.

Kenya haikuchelewa. Orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu ilitoka mwaka 1981, na imeendelea kuhaririwa hadi leo, matoleo ya karibuni yakiwa ya 2016, 2019 na 2023. Ukitaka kujua kama dawa ya bibi yako inahesabiwa na serikali kuwa ya lazima, hapo ndipo pa kutazama. Za Cucu zote mbili, amlodipini na metformini, zimo.

Lakini orodha ni karatasi. Kuwa kwenye orodha hakujawahi kumfikishia mtu kidonge mdomoni.

Boksi: kusukuma na kuvuta

Hapa ndipo mtu wa programu ndani yangu aliposisimka.

Kabla ya miaka ya 1980, dawa za serikali zilitoka kwenye bohari kuu Nairobi kwa jumla jumla, zikapita wilayani, zikapita hospitali kubwa, na kila zilipopita zilipungua. Hospitali za mjini zilichukua sehemu nono, na baadhi ya dawa zilipotea njiani kwa namna ambazo sote tunazijua. Zahanati ya mwisho wa barabara ilipata makombo.

Basi Kenya, kwa msaada wa Denmark na Sweden, ikabuni njia ambayo baadaye iliigwa na nchi nyingine, pamoja na jirani zetu Tanzania: boksi lililofungwa. Badala ya kupeleka magunia, dawa zilipangwa Nairobi ndani ya maboksi ya aina mbili, la zahanati na la kituo cha afya, yakatiwa lakiri, yakapelekwa kila mwezi hivyo hivyo bila kufunguliwa njiani. Lakiri ikikatika, kila mtu anaona. Ni wazo rahisi kabisa na lilifanya kazi, maana kwa mara ya kwanza muuguzi wa kijijini aliweza kujua kuwa mwezi ujao dawa itakuja na ni ipi.

Sisi huuita mfumo wa namna hii wa kusukuma. Seva inaamua itume nini na lini, na mpokeaji anapokea tu. Uzuri wake ni kwamba mpokeaji hahitaji akili wala vifaa. Ubaya wake ni kwamba seva haijui mpokeaji anahitaji nini. Boksi la nyanda za juu, ambako malaria ni ya kuhesabika, lilikuwa na dawa za malaria sawa na boksi la pwani. Kituo kimoja kinatupa dawa zilizopitwa na wakati, kingine kimeishiwa wiki ya pili.

Katika miaka ya 2000 Kenya ilianza kugeuza mfumo huo pole pole kuwa wa kuvuta, kituo kinahesabu kilichobaki na kuagiza kinachohitaji kutoka KEMSA, shirika la serikali la kununua na kusambaza dawa lililoanzishwa mwaka 2000. Kwa upande wa hospitali za makanisa kulikuwa tayari na MEDS, bohari iliyoanzishwa mwaka 1986 na Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja, ambayo bado iko Nairobi. Mfumo wa kuvuta ni bora kwenye karatasi. Lakini unadai kitu ambacho mfumo wa kusukuma haukudai: kituo kiwe na rekodi sahihi, na kiwe na fedha. Baada ya ugatuzi wa 2013, kaunti ndizo zilizoanza kununua dawa, na kaunti isipolipa deni, agizo halitoki. Kwenye daftari za Cucu za miaka hiyo kuna herufi mbili zimejirudia kandokando ya majina ya dawa, O na S na mkwaju katikati. Nilimwuliza ni nini. Akacheka. "Hiyo maana yake ni nenda kanunue nje."

Shilingi ishirini

Risiti ya zamani zaidi kwenye kiondo ni ya mwanzoni mwa 1990, ya baba yangu akiwa mtoto wa shule. Shilingi 20.

Siwezi kuieleza risiti hiyo bila kueleza mwezi wa Desemba 1989. Tangu mwaka 1965 matibabu ya wagonjwa wa kutwa katika vituo vya serikali yalikuwa bure. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 serikali ilikuwa na upungufu wa fedha, na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa yalikuwa yanashinikiza wananchi wachangie. Ikaja ada: shilingi 10 kituo cha afya, shilingi 20 hospitalini. Dola moja wakati huo ilikuwa shilingi ishirini na kidogo.

Wazo lenyewe halikuwa la kipumbavu. Robo tatu ya fedha zilizokusanywa zilitakiwa kubaki palepale kituoni, na robo iende kwenye afya ya msingi ya wilaya, ili dawa zisikosekane. Mtu alipe kidogo, apate dawa. Tatizo ni kwamba watu walianza kulipa kabla ya dawa kuonekana.

Nini kilitokea? Mwanauchumi Germano Mwabu na wenzake walichunguza vituo vya serikali wakakuta mahudhurio yalipungua kwa takriban nusu wakati wa ada. Hapa hapa Nairobi, kwenye kliniki ya rufaa ya magonjwa ya zinaa, watafiti waliandika mwaka 1992 kwamba idadi ya wanaume waliokuja kila mwezi ilishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Fikiria ni miaka gani hiyo. UKIMWI ulikuwa unaenea mji mzima, na ugonjwa wa zinaa usiotibiwa huufungulia mlango. Ada ndogo, gharama kubwa.

Serikali iliona. Mwaka 1990 ada ya kujiandikisha ikasimamishwa kwa wagonjwa wa kutwa. Ikarudi kuanzia 1992 kwa umbo jingine: sasa unalipia dawa, si kuonwa. Kama dawa haipo, hulipi. Watoto wa chini ya miaka mitano walisamehewa. Ukiniuliza mimi, hilo lilikuwa toleo la pili lililosikiliza malalamiko ya watumiaji wa toleo la kwanza, na si mara nyingi serikali hufanya hivyo.

Halafu yakaja matoleo mengine. Julai 2004 ikatangazwa sera ya kumi na ishirini: shilingi 10 kwenye zahanati, 20 kwenye kituo cha afya, na hakuna zaidi. Jane Chuma na wenzake walikwenda kuangalia, na makala yao ya 2009 inaonyesha kuwa vituo vingi viliendelea kutoza zaidi ya hapo, kwa sababu bila fedha hizo visingeweza kuendesha shughuli. Juni 2013 ada ikafutwa kabisa kwenye zahanati na vituo vya afya.

Nimeweka risiti za Cucu kwenye jedwali kwa mpangilio wa miaka. Ada ya kituo inapanda, inashuka, inakuwa sifuri. Lakini jumla aliyotumia haishuki. Kadiri ada inavyopungua, ndivyo karatasi za kemisti zinavyoongezeka. Gharama haikufutwa, ilihamia ng'ambo ya barabara.

Kiraka cha mstari mmoja

Sasa tuende kwenye sehemu ambayo kila mtu anayependa programu huria anapaswa kuijua.

Mwaka 2000, mtu mwenye virusi vya UKIMWI aliyetaka dawa za kudhibiti virusi alihitaji dola 10,000 au zaidi kwa mwaka kwa bei ya kampuni zilizozivumbua. Dawa zenyewe hazikuwa ghali kutengeneza. Zilikuwa zinalindwa na hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitengeneze. Ni kama programu iliyofungwa kwa leseni, maarifa yapo, ila huruhusiwi kunakili. Februari 2001 kampuni ya Kihindi ya Cipla, ikiongozwa na Yusuf Hamied, ikatangaza kuwa itaziuza kwa mashirika ya misaada kwa dola 350 kwa mwaka, chini ya dola moja kwa siku.

Karibu na kwetu, Karen, kuna makao ya watoto ya Nyumbani, yaliyofunguliwa mwaka 1992 na padre Angelo D'Agostino, Mjesuti na daktari, kwa ajili ya watoto yatima waliozaliwa na virusi. Kabla ya dawa, makao hayo yalikuwa yanazika watoto mwaka baada ya mwaka. Mapema mwaka 2001 padre huyo alitangaza hadharani kuwa ataagiza dawa za jeneriki kutoka India, sheria iseme itakavyo. Mashirika ya kiraia yalikuwa yameungana kupigania dawa muhimu, wakiwemo wanawake wanaoishi na virusi na Madaktari Wasio na Mipaka. Juni mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001. Kifungu cha 58 kiliruhusu, kwa ufupi, kuingizwa nchini kwa dawa ambayo tayari inauzwa kihalali katika nchi nyingine, bila kumpigia magoti mwenye hataza.

Halafu soma hapa kwa makini. Katikati ya mwaka 2002, ndani ya mswada mrefu wa marekebisho madogo madogo ya sheria mbalimbali, ule ambao hakuna mtu husoma, maneno machache yakaingizwa kwenye kifungu hicho. Yalisema kwamba dawa iwe imewekwa sokoni na mwenye hataza mwenyewe au kwa ruhusa yake ya wazi. Maneno hayo machache yaliua kifungu chote. Wanaharakati waliyaona, wakapiga kelele, na kabla Agosti haijaisha yakawa yamefutwa.

Nimefanya kazi ya kukagua msimbo wa wenzangu kwa miaka kadhaa, na ninajua kabisa jinsi kiraka cha mstari mmoja kinavyoweza kupita kwa sababu kimefichwa kati ya mabadiliko mia mbili yasiyo na maana. Sijui kama kuna mfano bora zaidi wa kwa nini mtu lazima asome kila mstari.

Na si mara ya mwisho. Mwaka 2008 ikapitishwa sheria ya kupambana na bidhaa bandia. Tafsiri yake ya bidhaa bandia ilikuwa pana kiasi kwamba dawa halali ya jeneriki ingeweza kukamatwa bandarini kama vile ni feki. Watu watatu wanaoishi na virusi walikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kuwa vifungu hivyo, kwa jinsi vilivyoandikwa, vilihatarisha haki yao ya uhai, utu na afya chini ya Katiba ya 2010.

Kati ya matukio hayo fedha za Mfuko wa Dunia na za mpango wa Marekani wa PEPFAR zilianza kuingia, na leo dawa za virusi hutolewa bure kwenye vituo vya umma. Januari 2025, serikali mpya ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje ghafla, tulikumbushwa pia kuwa bure ina mlipaji, na mlipaji anaweza kuzima swichi.

Presha haina wanaharakati

Swali lililonisumbua nilipofika hapa: kwa nini jirani yetu mwenye virusi anapata dawa zake bila kulipa, na mimi nafurahi kwa ajili yake, lakini Cucu anakata vidonge kwa kisu cha mkate?

Jibu moja ni kwamba presha huua polepole na bila kelele, na haikuwahi kupata umati wa kuandamana. Jibu jingine ni bima. NHIF, mfuko wa bima ya hospitali, ulianzishwa mwaka 1966 kwa ajili ya watu wenye mshahara, na kwa miongo mingi ulilipia kulazwa. Ukilazwa kwa kiharusi, unalipiwa kitanda. Kidonge ambacho kingezuia kiharusi, hapana. Matibabu ya kutwa kwa wanachama wote yaliingia mwaka 2015 tu, na mchango wa mtu asiye na mwajiri ukapanda kutoka shilingi 160 hadi 500 kwa mwezi.

Majaribio yamekuwepo. Oktoba 2015 kampuni ya Novartis ilianzisha Kenya, kabla ya nchi nyingine yoyote, mpango wa kuuza dawa 15 za magonjwa sugu kwa serikali na mashirika kwa dola moja kwa matibabu ya mwezi, zikipitia MEDS. Kitu kizuri ni kwamba walikubali watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston waupime katika kaunti nane. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalikuwa ya kunyenyekeza: baadhi ya dawa ziliongezeka kwenye vituo, lakini majumbani kwa wagonjwa hapakuonekana mabadiliko. Bei ya chini mwanzo wa bomba haikufika mwisho wa bomba. Nilipolisoma hilo niliikumbuka programu yangu.

Mfano ulionigusa zaidi uko Eldoret. Mpango wa AMPATH, unaoziunganisha Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi na vyuo vya nje, ulianzisha katika vituo vya serikali maduka ya dawa ya mfuko unaozunguka. Utaratibu ni huu. Mgonjwa anaanza kwenye dirisha la dawa la serikali. Ikiwepo, anachukua. Isipokuwepo, anakwenda dirisha la pili na kununua kwa bei iliyo juu kidogo tu ya gharama. Fedha hizo haziendi kokote isipokuwa kununua dawa nyingine. Asiyeweza kabisa kulipa anasamehewa. Kwa taarifa yao ya 2016, dawa muhimu zilizokuwa zinapatikana kwa chini ya asilimia 40 zilifika zaidi ya asilimia 90.

Mtu wa mifumo atakuambia hiyo ni seva ya akiba. Huondoi ile kuu, huibezi, unaweka ya pili inayosimama pale ya kwanza inapoanguka. Wazo la mfuko unaozunguka si jipya, mawaziri wa afya wa Afrika walilikubali Bamako, Mali, mwaka 1987, na maduka ya dawa ya vijiji yalianzishwa magharibi mwa Kenya baada ya hapo. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba hapa dawa inakuwepo kabla ya kudaiwa shilingi. Mwaka 1989 ilikuwa kinyume.

Kwa sasa tuna SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, na usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kwa asiye na mshahara, programu ya kompyuta humwuliza maswali kuhusu nyumba yake na maisha yake, kisha inakadiria atozwe kiasi gani, na anatakiwa kulipa ya mwaka mzima. Kiwango cha chini ni shilingi 3,600 kwa mkupuo. Mfumo wenyewe wa kompyuta ni wa shilingi bilioni 104.8, na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali ya mwaka 2025 ilisema kuwa serikali haiumiliki. Hayo nitayaandikia makala yake, maana ni marefu. Upande wa dawa, kuna mfuko wa afya ya msingi unaotakiwa kugharamia huduma za zahanati na vituo vya afya bila mgonjwa kulipa, na ukifanya kazi ilivyoandikwa, Cucu hatahitaji kisu. Mwezi uliopita alikwenda kwenye kituo kimoja akiwa ameandikishwa. Alionwa bure. Dawa moja alipewa. Nyingine iliandikwa zile herufi mbili.

Nilichofanya na programu

Nimeizima. Si kwa hasira, ila ilikuwa inajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Cucu yumo kwenye chama cha wazee wa kanisani, watu 14, na 9 kati yao wana presha au sukari. Tulikaa nao Jumapili moja baada ya ibada. Nikawaeleza habari ya Eldoret, na mzee mmoja akasema, "Kijana, hiyo si chama tu?" Kweli, ni chama tu. Sasa kuna mfuko mdogo ambao hautumiki kwa mazishi wala sherehe. Dirisha la hospitali likikosa dawa, mwanachama anakopa pale pesa za dozi ya mwezi mzima, anakwenda na karatasi yake ya daktari, anaomba jeneriki kwa jina la kitaalamu kwenye duka lililosajiliwa, na anarudisha mwisho wa mwezi. Kazi yangu ni hesabu, kwenye lahajedwali ya kawaida, na kila Ijumaa kupiga simu kwa kemisti nne kuuliza swali la Cucu: mnayo leo?

Tuna miezi mitatu. Mama mmoja ameshindwa kurudisha, na tulibishana nusu saa kama asamehewe au apewe muda. Tulimsamehe, na mfuko ukapungua kwa kiasi hicho. Wawili wakifuata mwezi mmoja, tutakwama. Mwenye kuhitaji insulini hatumwezi kabisa, na nilimwambia hivyo uso kwa uso. Sikuwahi kuandika ujumbe wa hitilafu mgumu kuliko huo.

Nilimwuliza Cucu kama bado anakata vidonge. Akaniambia nikatazame mwenyewe. Kisu cha mkate kiko kwenye mkate. Chupa ina vidonge vizima, 17, na ni tarehe 13, kwa hiyo hesabu inakubali.

Makala ya hifadhidata itakuja wiki ijayo, Mungu akipenda. Na ukiwa na daftari za bibi yako mahali fulani chini ya kitanda, zitoe uzisome kabla ya kumwandikia programu.